Sanduku la Kakao na Jina la Baba Yako

Masika,

Umetoka kwenda kuagana na mama yako mdogo Kasoki, na mvua hii ninavyoiona haitakuruhusu urudi kabla ya saa kumi na moja. Nimebaki na meza, na kalamu yako, na karatasi nilizochomoa katikati ya daftari lako la shule. Begi lako liko kitandani, bado wazi. Kile kipimo chako cha kakao umekifunga ndani ya kitenge changu cha kijani na kukilaza katikati ya nguo, kama mtu anavyolaza mtoto mchanga.

Kesho asubuhi utapanda gari ya Beni, uendelee Kasindi, uvuke mpaka, ufike Kampala kwa yule mwalimu wako wa umeme aliyekubali ufanye kazi katika atelier yake, karakana yake, mpaka utengeneze vipimo vya kwanza vya kuuza. Nakuandikia kwa Kiswahili walichonifundisha masista kule Luofu, siyo kile chetu cha jikoni. Kwa kile cha jikoni ningeanza kutania, na nisingefika mwisho.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala ya kuficha pesa, wala ya wanaume wa mjini. Nyumba hii umeiendesha wewe tangu ukiwa na miaka kumi na mitatu, mimi nikiwa sokoni na viroba vyangu vya unga. Nataka kukueleza habari ya sanduku. Unafikiri unaijua. Unajua nusu yake, na hata hiyo nusu ina uongo ndani, na uongo huo ni wangu.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunakaa Mulekera, pale Beni, na shamba letu la kakao lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Unakumbuka harufu ile ya siki iliyokuwa ikishika nguo zetu hata siku ya misa. Kakao ikitoka kwenye ganda unaichachisha ndani ya majani ya ndizi siku tano au sita, kisha unaianika, na jua likikubali inataka wiki nzima. Nani alikuwa na wiki nzima? Leo unaanika, kesho unasikia risasi upande wa mto, unakimbia na watoto mgongoni. Ukirudi, mbegu zimeota ukungu au zimeibiwa. Ndiyo maana wote tulikuwa tunauza mbichi, papo hapo, kwa bei ya kutupa, na wanunuzi wakaenda kuikausha wenyewe katika viwanja vyao vyenye kuta na walinzi.

Siku moja nilimwaga mbegu chache nyuma ya garage ya jirani yetu, juu ya bati kuukuu, ili mbuzi wasizifikie. Juu ya bati hilo jirani alikuwa ameegemeza kioo cha mbele cha lori, kimepasuka pembeni. Nilizisahau. Siku ya nne nilipokumbuka, zile zilizokuwa nje ya kioo zilikuwa bado laini. Zilizokuwa chini ya kioo zilikuwa zimekauka. Niliuma moja, ikavunjika kwa sauti. Nilisimama pale nyuma ya garage na mbegu iliyovunjika mdomoni, na moyo ulikuwa unanipiga kama mtu aliyeokota kitu cha wenyewe.

Nilimweleza baba yako akiwa anapiga randa mlango wa mteja. Paluku, kama unavyomkumbuka, hakuwa mtu wa maneno. Hakucheka. Aliweka randa chini, akafikiri, akauliza: «Na upepo utapita wapi?» Mimi sikuwa nimefikiria upepo. Yeye ndiye aliyeweka matundu chini na kile kibomba cha bati juu, ili hewa ya moto ipande na unyevu utoke. Nataka ujue hilo kabla ya mengine: sanduku lilikuwa langu, bomba lilikuwa lake. Sikulitengeneza peke yangu. Kosa langu la baadaye halikuwa kumpa sifa. Kosa lilikuwa kumpa yote.

Sanduku la kwanza lilikuwa zuri sana. Nasema hivyo kwa aibu. Lilikuwa na kioo cha kweli na miguu minne, na baba yako alilipaka vernis ya kung'arisha kama kabati la harusi. Nilikuwa naamka kuliangalia kabla ya kuwasha moto. Kwa miezi mingi sikumwonyesha mtu, kwa kuogopa wataniibia akili. Nililifunika kwa turubai, na wewe nilikukataza kuongea juu yake shuleni. Nikifikiria sasa, muda ule wa kuficha ndio ulioniharibu zaidi kuliko wezi wote. Kitu kikikaa bila kuonwa na mtu mwingine, unaanza kukipenda kama sanamu, na kasoro zake unazizoea kama unavyozoea kilema cha mtoto wako.

Mwishowe niliwaita wanawake sita wa mtaa. Walilizunguka, wakaligusa, wakasema wasingya, wasingya, asante kwa kutuonyesha. Kisha Mama Kyakimwa, yule mzee aliyekuwa na shamba jirani na letu, akauliza kama anaweza kulinyanyua. Alijaribu. Halikutoka chini. Akaniambia kwa upole kabisa: «Mama Masika, kitu yako ni muzuri. Lakini siye tunakimbiaka. Hii itakimbia na nani?»

Nilikasirika, mwanangu. Nilitabasamu mbele yake, nikawapa chai, lakini walipotoka nilimwambia baba yako kwamba wanawake wale ni wajinga, wamezoea shida mpaka hawaitambui dawa. Baba yako alirudi kwenye randa yake. Karibu mwaka mzima nililazimisha sanduku lile zito. Tuliuza mawili tu, yote kwa watu wenye nyumba za matofali, ambao hawakuwa na haja nalo. Na kila mara nilipokutana na Mama Kyakimwa njiani niligeuza uso. Aliyekuwa amenipa msaada bila malipo nilimfanya adui.

Siku niliyokubali sikukubali kwa hekima. Tulikimbia sisi wenyewe. Unakumbuka ule usiku tuliolala kanisani na godoro moja. Tuliporudi, nilikuta sanduku langu limesimama uani, zima, na kakao iliyokuwa ndani imeliwa na panya na maji. Halikuweza kuja nasi. Nilikaa chini nikalia, siyo kwa ajili ya kakao. Nilipoinuka nilikwenda kwa Mama Kyakimwa nikamwambia anisamehe, na nikamwuliza: lingekuwa na uzito gani ungelibeba? Akachukua ndoo yake ya maji iliyojaa nusu, akanipa mkononi. Uzito huu, akasema.

Ndoo ile ndiyo iliyotengeneza sanduku la pili. Plastiki nyeupe badala ya kioo, mbao nyembamba, bawaba, bati linalotoka. Unalikunja kama mkeka, unalifunga mgongoni juu ya mtoto. Kwa siku nne za jua kakao ilikuwa kavu. Kwa muda wa miezi saba hivi, Masika, nilikuwa mtu mwenye furaha. Masanduku kumi na moja yalikuwa katika mtaa, na nilikuwa nikipita asubuhi nayaona yamefunguliwa uani kama midomo ya ndege. Wanawake waliuza kakao kavu. Siwezi kukuambia kwamba walitajirika. Lakini Mama Kyakimwa alimwambia mnunuzi «ngoja», na mnunuzi akangoja. Sikuwahi kuona jambo hilo maishani.

Hapo ndipo patron, yule tajiri wa kakao, alipokuja. Sitaandika jina lake, maana bado yuko hai na wewe bado una safari za kupita Beni. Alikuwa mnunuzi mkubwa, mwenye depo, ghala lake la kakao, na malori. Alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kiti chetu, akanywa chai yetu. Akasema amesikia habari za sanduku, anataka kulisambaza mpaka Mangina, mpaka Oicha, mpaka kila mahali kakao inapoota. Akauliza: «Ni nani alitengeneza hii?»

Baba yako aliniangalia. Alikuwa ananingoja niseme.

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilikuwa nimevaa kitenge cha jikoni. Nilifikiri: mtu huyu hatatoa mali yake kwa mwanamke aliyeishia darasa la sita. Nikasema: «Ni bwana yangu.»

Paluku aliinamisha kichwa. Wakati ule nilifikiri ameona haya kwa sababu ya sifa. Miaka imepita na nimeelewa kwamba aliona haya kwa ajili yangu. Yule mgeni alipoondoka, baba yako aliniuliza mara moja tu kwa nini nilisema vile. Nikamjibu kwamba jina halikaushi kakao. Niliona nimesema jambo la akili sana.

Karatasi ya mkataba ililetwa wiki iliyofuata. Ilikuwa ya Kifaransa, kurasa tatu. Patron alitaka masanduku mengi, zaidi ya tuliyowahi kutengeneza, na alilipa sehemu ya pesa kabla. Baba yako alitia sahihi. Mimi nilisimama nyuma yake kama shahidi wa harusi. Wewe ulikuwa shuleni. Uliporudi ulichukua nakala mezani ukaisoma kwa sauti ili utuonyeshe Kifaransa chako, ukafika ukurasa wa pili ukaurudia mstari mmoja kwa kidole. Ukasema: «Mama, hapa banasema hamuwezi kuuzisha mutu mwengine, hata moja, mupaka yeye aseme.» Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuambia hujaelewa neno. Ulikuwa umeelewa vizuri kabisa, na mimi nilijua hivyo kutoka usoni mwako, lakini wino ulikuwa umekauka.

Tulitengeneza masanduku yote. Baba yako alilala na vumbi la mbao puani miezi mitatu. Lori lilikuja likayachukua. Halafu kimya. Tuliwauliza watu wa Mangina, hawajaona kitu. Watu wa Oicha, hawajaona. Baba yako akaenda depo kutengeneza mlango, kwa kazi yake ya kawaida, akayakuta. Yalikuwa yamepangwa mpaka darini, bado yamefungwa kamba zetu, na juu yake wameweka magunia. Aliniambia siku mbili baadaye. Mtu yule hakuyanunua ili yatumike. Aliyanunua ili yasitumike. Kakao ikikaukia kwa mkulima, yeye angepata wapi faida ya kukausha? Na hakuwa amevunja neno hata moja la karatasi yake.

Wanawake walikuja kuniomba mengine. Niliwaambia sina ruhusa. Mama Kyakimwa aliniuliza ruhusa ya nani. 

Sasa nafika mahali ambapo nimezunguka kwa miaka kumi.

Nilikuambia kwamba ile Alhamisi ya mwisho baba yako alikwenda upande wa Kasindi kwenye matanga ya mjomba wake. Nilimwambia kila mtu hivyo, hata padri. Hakukuwa na matanga, Masika. Hakuna mjomba aliyekufa.

Mimi ndiye niliyetaka tuivunje karatasi. Nilisema tutauza kwa siri, mbali na Mulekera, kwa watu ambao patron hawajui. Kulikuwa na kijiji kimoja kando ya barabara ya Kasindi ambako mke wa katekista alikuwa ameomba masanduku mawili. Baba yako aliyatengeneza kwa kificho, ndani ya chumba chetu cha kulala. Ile asubuhi alikuwa ameyafunga kwenye pikipiki aliyoiazima, kisha akatoka kuongea na vijana wa taxi-moto, wale wanaobeba abiria kwa pikipiki, pale njia panda, akarudi, akaniambia: «Tungoje kesho kutwa. Bamotari banasema njia haiko muzuri.»

Nilikuwa nimechoka kungoja. Nilikuwa na hasira na patron, na karatasi, na mimi mwenyewe kwa lile jina nililoligawa, na mtu pekee aliyekuwa karibu nami alikuwa yeye. Nikamwambia: «Kama unaogopa, nitaenda mwenyewe.»

 Alikaza kamba upya, ingawa zilikuwa zimekazwa. Alikuuliza wewe kama umekula. Akaenda.

Watu wa msituni, wale wenye bunduki, walimkuta kabla ya saa tano, wakamwua, yeye na wengine wanne waliokuwa njiani. Vijana wale wale wa taxi-moto ndio waliokuja kuniambia, na mmoja wao hakuweza kuniangalia machoni, kwa sababu alikuwa amemwonya. Masanduku yalichomwa pamoja na pikipiki.

Nimejiambia mara nyingi kwamba wangeweza kumkuta hata kesho kutwa, hata shambani, hata nyumbani. Ni kweli. Wengi walikufa wakiwa wamelala. Lakini yeye hakufa akiwa amelala. Alikufa kwa sababu ya sentensi moja, na aliyeisema ni mimi, na niliisema kwa ajili ya mbao na plastiki. Nilikuwa naamini kitu kile kingewaokoa watu wa Beni. Labda kingewasaidia kidogo. Hakuna kitu cha mikono yetu kinachostahili mtu. Nilikuwa naliona jambo hilo ni dogo, la kujulikana na kila mmoja, mpaka siku hasira iliponifunga macho.

Baada ya matanga yake nilikwenda depo. Nilitaka masanduku yale, au ruhusa, au hata moja tu la kuanzia upya. Patron alinipokea vizuri, alitoa pole, aliagiza niletewe soda. Kisha akasema: «Mama, miye niliandikiana na marehemu. Weye hatukuandikiana.» Nikamwambia mimi ndiye niliyelitengeneza. Hakucheka hata. Aliniuliza kwa upole kama nina mtu anayeweza kulishuhudia hilo. Wanawake wa mtaa asingewahesabu; shahidi ambaye angemkubali alikuwa mmoja tu hapa duniani, na nilikuwa nimetoka kumzika.

Ndiyo tukaja Butembo. Luofu kwetu hakufikiki tena, njia ya Alimbongo unaijua ilivyo kwa vita, na Beni sikuweza kubaki. Mengine uliyaona mwenyewe. Uliwahi kuniuliza kwa nini sijengi tena kitu chochote, hata kurekebisha jiko. Nilikuambia nimezeeka. Nilikuwa na miaka thelathini na nane.

Kisha wewe, bila mimi kukufundisha, ukaenda kusomea umeme na ukarudi na kopo la maziwa lenye sindano mbili na mshale. Unachoma sindano kwenye mbegu, mshale unasema mbichi au kavu. Ukanieleza ukiwa umesimama palepale mlangoni: mnunuzi anashika kakao ya mkulima kiganjani, anaitikisa, anasema haijakauka, anakata bei, na mkulima hana la kujibu kwa sababu kiganja ni cha mwenye mali. Sasa mkulima atakuwa na kipimo chake. Nilikusikiliza nikageukia sufuria, na wewe ukafikiri sijafurahi. Nilikuwa nimeshikwa na woga. Nilijua mara moja kwamba ni kitu kizuri, na nilijua nani hatakitaka.

Ulipokipeleka kwa yule mnunuzi hapa mjini mwezi uliopita, ulirudi ukiwa umeumia kwa sababu alikuambia: «Mademoiselle, mukono yangu inatosha.» Ulidhani hajaelewa. Alielewa, mwanangu. Mkono wake unamtosha kwa sababu unadanganya kwa faida yake. Wenye uwezo wa kununua kipimo chako ni wale wanaoishi kwa kukosekana kwake, na wanaokihitaji hawana cha kununulia. Nimelizungusha jambo hili kichwani wiki nyingi nikitafuta mlango, na sikuuona. Mama mwema angekuandikia kwamba utafaulu. Mimi sioni hivyo. Naona uwezekano mkubwa kwamba utarudi na kopo hilo hilo, au kwamba mtu atakuja na tabasamu na karatasi nzuri, akilaze kipimo chako chini ya magunia yake.

Akija, usimkasirikie mapema. Mwulize atakipeleka kwa nani, na uende ukamwone huyo mtu kwa macho yako kabla ya kuandika chochote. Na atakapouliza nani amekitengeneza, hata kama umevaa nguo za jikoni, hata kama kuna mwanaume mwenye koti karibu nawe, hata kama mwanaume huyo amekusaidia kweli kama mwalimu wako anavyokusaidia, sema mimi. Mtaje na yeye, kwa kazi aliyofanya. Lakini sema mimi kwanza. Utaona ni neno gumu kutoka kuliko unavyodhani.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki hii, ulipokuwa unahangaika na karatasi za safari, nilikichukua kipimo chako. Sikukuomba. Nilikuwa na kakao kidogo niliyopewa sokoni na mwanamke mmoja wa Beni, na nilitaka tu kuona mshale ukicheza. Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, ukungu ukiwa bado umeshika mlima, nilichoma mbegu tano. Mshale ulisema kavu. Nikauma mbegu moja, ikapinda menoni kama ngozi. Ilikuwa mbichi kabisa. Nikachoma tena saa sita mchana, mbegu za bakuli lile lile. Ukasema mbichi. Nilifanya hivyo asubuhi tatu. Kila asubuhi kilisema uongo, kila mchana kilisema kweli. Umeme siujui. Nafikiri ni baridi inayokidanganya. Lakini meno yangu nayajua.

Fikiri mkulima wa Lubero anayekiamini. Amepima alfajiri, amepata kavu, amebeba gunia mpaka depo, anamwambia mnunuzi mbele ya watu: mashine yangu inasema kavu. Mnunuzi anauma mbegu moja tu. Siku hiyo kipimo chako kimekufa, na mkulima huyo hataaminiwa tena hata akisema kweli. Umempa mnunuzi silaha ambayo hakuwa nayo.

Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza. Uliingia na tiketi mkononi, na sikuwahi kuona uso wako ukiwa hivyo tangu Mulekera. Nikanyamaza. Nikajiambia mwalimu ataliona mwenyewe. Nilinyamaza tena jana. Leo mchana ulipotoka nililiangalia begi, nikatambua kwamba nafanya lile lile: nawaacha watu ninaowapenda waende njiani na mzigo ambao mimi najua una nini ndani.

Mvua imepungua. Barua hii sitaificha katika nguo zako ili uikute ukiwa umeshavuka mpaka. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu, na nitakaa hapa mpaka uimalize. Ukitaka kunichukia kwa ajili ya baba yako, nichukie ukiwa ndani ya nyumba hii, ambamo ninaweza kukusikia.

Gari ya Beni iko kila asubuhi. Kabla mvua haijaanza nilikwenda kuuliza pale parking ya magari, tiketi wanakubali kuisogeza mbele. Nimewauliza pia madereva habari za njia ya Kasindi, na nitawauliza tena kesho, na kesho kutwa, na wakisema haiko nzuri hutaondoka, hata mwalimu wako akasirike namna gani.

Bakuli la kakao liko juu ya kabati, nimelifunika kwa sahani. Niamshe saa kumi na moja na nusu, tutoke nje pamoja wakati baridi bado ni kali. Wewe utachoma, mimi nitauma.

Mama yako,
Kahambu